Mabeseni Mawili ya Papa Thaddée

Tarehe 30 Juni 2021, Papa Thaddée Kashindi anastaafu baada ya kutumikia kituo chetu cha mimea ya dawa, hapa Uvira, kwa miaka thelathini na miwili. Alikubali niandike wasifu huu kwa sharti moja: habari ya mabeseni iwemo. La sivyo, kwenye fete ya kumuaga haji. Basi imo.

Aliingia kama mpishi wa magome ya kenkina, mti wa kwinini. Mkewe, Mama Déborah, anadai kwamba hata maji ya kufulia shati lake yalitibu malaria.

Makapi ya magome yalirundikana nyuma ya labo, yaani maabara yetu, na akina mama wa Bwegera wakayataka yawe mbolea. Papa Thaddée akagoma. Alitaka kwanza ajue kama yanaua nyungunyungu, maana hao ndio wanaolima udongo sisi tukiwa tumelala. Akaandaa mabeseni mawili nyumbani kwake: moja la udongo mtupu, jingine la udongo uliochanganywa na makapi. Akatia nyungunyungu kote kuwili, akangoja.

Oktoba 1996, vita ikafika kabla ya jibu. Watu wakakimbilia upande wa Makobola. Mama Déborah alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akamwachia mumewe abebe unga wa muhogo. Papa Thaddée akafunika mabeseni yake mawili kwa kitenge, akayabeba. Unga ukabaki nyumbani, na mkewe hakujua.

Kesho yake njiani, mama mmoja mkimbizi, jina lake Akimana, akaona kitenge kile. Kwetu beseni lililofunikwa ni chakula, na njiani chakula hakifichwi. Akaomba kidogo kwa ajili ya watoto wake. Papa Thaddée akakosa pa kuuficha uso, akafunua. Mama Déborah alipouona udongo, aliketi chini.

Akimana akauliza tu: “Sasa batoto yako batakula nini?” Kisha akafungua furushi lake, akatoa viazi vitamu, akawagawia watoto wa Papa Thaddée pamoja na wake.

Jibu la mabeseni lilipatikana. Nyungunyungu wa kwenye makapi walikufa wote. Wale wa udongo mtupu walifika hai, ingawa safari ilikuwa moja na jua lilikuwa moja. Tangu hapo makapi yetu huozeshwa kwanza, na lengalenga, mchicha wa kwetu, za Bwegera zinastawi. Sisi tunajivunia. Yeye anaona aibu mpaka leo. Husema nyungunyungu wangeweza kutafutwa wengine, na unga haukupatikana tena. Nasi tuliokuwa tukicheka kila mara akitaniwa “Papa Nyungunyungu”, aibu hiyo inatugusa.

Papa Thaddée, asante kwa kazi yako. Mama Akimana tulimtafuta mpaka Luberizi ili tumwalike, hatukumpata. Jumamosi kwenye fete, kama ulivyoomba, hakuna beseni la chakula litakalofunikwa. Nzi tutawafukuza kwa mikono. Ustaafu kwa raha, wewe na Mama Déborah, na unga usiwapungukie.