Asipewe Maji Mpaka Niseme

WIFI: Haloo... haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Ni mimi.

WIFI: Mimi nani? Wanaosema "ni mimi" siku hizi ni wengi, na wote wana shida.

FUNDI: Wifi yako, Fundi. Dada wa mume wako. Au unataka nikutajie na kovu lake la goti?

WIFI: Aa, Fundi. Nimekujua kwa hiyo cherehani inayolia nyuma yako. Sasa mbona namba ngeni? Mama hajambo?

FUNDI: Hajambo, yupo. Hii simu ya mteja, yangu haina chaji. Habari za hapo nyumbani kwa Mama?

WIFI: Salama tu. Kaka yako yuko safarini na lori lake. Hebu nipe Mama nimsalimie.

FUNDI: Amelala.

WIFI: Amelala. Kila nikipiga, amelala.

FUNDI: Wazee hulala, wifi. Sikiliza, nina swali moja, na unijibu kama mtu mzima. Hapo kwenu mkaidi ni nani?

WIFI: Nani kakwambia habari za mkaidi?

FUNDI: Kwa hiyo jina lipo.

WIFI: Lipo. Ila hilo jina tunalijua watu wawili tu. Nataka kujua wa tatu kalipata wapi.

FUNDI: Watu wawili, wewe na Mama.

WIFI: Mimi na... Fundi, wewe unanichimba.

FUNDI: Nauliza tu. Ni kweli ulimvua nguo?

WIFI: Ndiyo, nilimvua. Mwanzoni huruma iliniingia, nikamwachia chache huku juu. Nikaambiwa hapana, toa zote.

FUNDI: Na nani? Na kaka yangu?

WIFI: Kaka yako anajua nini? Yeye alirudi akamkuta mwenzake yuko uchi pale nje, akaniuliza kama nimerukwa na akili.

FUNDI: Nje.

WIFI: Sasa ningemwingiza ndani?

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Na maji?

WIFI: Maji nilimnyima. Sikia, hata mimi iliniuma. Nilikuwa napita na ndoo pembeni yake, naangalia kando. Lakini angekunywa kabla ya wakati wake, kazi yote ingekuwa bure.

FUNDI: Ngoja. Ngoja kwanza niache kushona. [Cherehani inanyamaza.] Wewe mwanamke una roho ya namna gani?

WIFI: Roho imeingiaje hapa?

FUNDI: Nilimchukua Mama hapo kwako mikono imemkonda, nikajisemea ni uzee. Kumbe. Kila mchana nilikuwa namsikia chumbani, mlango kaufunga, anaongea peke yake. "Mkaidi avuliwe nguo zote. Asiachiwe hata moja. Apigwe na baridi. Asipewe maji mpaka niseme." Ni maneno yenu hayo, wifi. Alikuwa anarudia mliyokuwa mnamwambia. Na yangu ina chaji, kama unataka kujua. Nimeazima simu ili upokee kabla hujajipanga, na umeniambia yote kwa mdomo wako mwenyewe.

[Mtandao unakwaruza.]

WIFI: ...ila umekatika hapo katikati. Nani aliyeteswa?

FUNDI: Mama. Ulikuwa unamtesa Mama.

WIFI: Fundi.

FUNDI: Usiniite Fundi.

WIFI: Mkaidi ni mti.

FUNDI: Usiniletee—

WIFI: Ule mpichi wa Mama, nyuma ya jiko, pale kamba ya kuanikia ilipofungwa. Nguo zake ni majani.

FUNDI: Mti unavuliwaje majani na mtu mwenye akili zake?

WIFI: Ndivyo nilivyouliza na mimi. Mama akanieleza kwamba mpichi ni mti wa kwenye baridi kali. Baridi ikiuchapa, unapukutisha majani, unalala, ukiamka ndiyo unatoa maua. Sasa hapa kwetu baridi gani? Sweta asubuhi, jua likipanda unalivua. Mti haulali. Unakaa mwaka mzima na majani yake makuukuu, umekodoa macho, tunda hata la dawa hakuna. Ndiyo maana kauita mkaidi. Dawa yake ni kuudanganya. Unaukatia maji, majani yakishakomaa unayanyonyoa yote kwa mkono, taratibu, usivunje vile vifundo vya maua vya chini yake. Unabaki fito tupu. Wenyewe unajiona umepigwa na baridi, unalala. Vifundo vikianza kuvimba ndipo unaurudishia maji. Mama alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, wewe uko shule ya bweni. Ukija likizo unakuta pichi kwenye sahani, unakula, unaondoka.

FUNDI: Pichi nilikula. Kunyonyoa sikuona.

WIFI: Basi ndiyo hivyo. Na ukome kupima watu kwa mikono kukonda. Mama amekuwa mwembamba tangu nimeolewa.

FUNDI: Ngoja, usianze kunipandia. Mti umeuvua lini?

WIFI: Wiki chache tu zilizopita, baridi ilipoanza.

FUNDI: Na Mama yuko kwangu tangu mvua. Sasa alikuwa akimwagiza nani humo chumbani?

WIFI: Salio la watu litaisha, wifi.

FUNDI: Alikuwa anaongea na nani?

WIFI: Na mimi.

FUNDI: Mama hana simu.

WIFI: Anayo. Kasimu kadogo, kale ka tochi. Nilimtumia ndani ya zile soksi za sufu.

FUNDI: Soksi nilizompelekea mimi mwenyewe chumbani. Kwa hiyo mlikuwa mnanizunguka, tena ndani ya nyumba yangu.

WIFI: Ulitaka tufanyeje? Ulimchukua kwa mapumziko mafupi, kaja na kimkoba. Akisema anarudi, unamwambia barabara mbaya. Akisema tena, ngoja nimalize sare za wanafunzi. Mimi nikipiga, amelala. Mama hakusemi vibaya, usije ukadhani. Anasema unamlisha vizuri, unamwogesha, unamfunika. Ila kwako mikono yake haina cha kufanya. Akaniambia nimvue mkaidi, maua yakitoka ataomba aje ayaone, na wewe huwezi kumkatalia maua.

FUNDI: Alisema siwezi kumkatalia?

WIFI: Alisema hivyo. Sasa na mimi nikuulize. Mbona kanyamaza? Siku nyingi hajapiga, na kasimu kake hakapatikani. Vifundo vimeshavimba, namwogopea mkaidi, akikaa na kiu sasa hivi vitakauka vyote. Na amri ya maji ni yake yeye. Kasimu umemnyang'anya, sema ukweli.

FUNDI: Ningejuaje, wakati sikujua kama anako?

WIFI: Basi kuna nini?

FUNDI: Nilimpeleka kwa daktari.

WIFI: Anaumwa?

FUNDI: Nilimwambia daktari Mama ameanza kuongea peke yake, maneno ya kuvuana nguo na kunyimana maji. Akaandika vidonge vya kumtuliza. Nampa asubuhi, nampa na mchana.

WIFI: Ee Mungu wangu.

FUNDI: Analala, wifi. Leo sikukudanganya. Analala kweli.

WIFI: Na yeye hakukwambia kitu?

FUNDI: Alinikatalia. Akasema hana ugonjwa wowote, nimwache. Nikasema ndivyo wanavyosema wote. Kwa nini asiniambie tu kwamba alikuwa kwenye simu?

WIFI: Ungeiacha hiyo simu?

FUNDI: Ningeichukua.

WIFI: Umejijibu. Usimpe tena hivyo vidonge kabla hujarudi kwa daktari ukamweleza yote, na soksi umtajie. Sasa nenda kamwamshe.

FUNDI: Naona aibu.

WIFI: Utaiona ukishamwamsha. Nenda.

FUNDI: Niko mlangoni. Mama... Mama, amka kidogo. [Kimya.] Kafumbua macho. Mama, ni mkweo kwenye simu. Anauliza kama ampe mkaidi maji. Ananiangalia tu. Wifi, ananiangalia kama mtu aliyekamatwa.

WIFI: Mwambie unajua.

FUNDI: Najua, Mama, kaniambia yote. Sijakasirika, wewe mjibu tu. [Kimya.] Anauliza vifundo vimekuwaje.

WIFI: Vimejaa. Vingine vina wekundu kwenye ncha.

FUNDI: Vina wekundu, Mama. Subiri wifi, anaongea polepole, ulimi mzito... Anasema mpe leo, tena mpaka yazame. Uyazungushe kwa mbali, yasiguse shina. Na samadi usiweke kwanza.

WIFI: Na mtu huyo ndiye anayeongea peke yake.

FUNDI: Usinimalize. Anakaa... kakaa kitandani. Anataka viatu.

WIFI: Viatu gani?

FUNDI: Vyake vya safari. Anavitafuta kwa miguu chini ya kitanda.

WIFI: Mpe basi.

FUNDI: Haviko hapo. Viko kabatini kwangu, nilivifungia.

[Mtandao unakwaruza.]

WIFI: Rudia. Ulivifanyaje?

FUNDI: Umesikia. Niliogopa ataamka siku moja aondoke. Tangu wanangu wahame, wifi, humu ndani ni mimi na cherehani tu. Mtu akikohoa chumba cha pili nafurahi.

WIFI: Sasa hiyo ungeisema tangu zamani. Mlete. Njoo na wewe, na cherehani yako, hapa watu wanavaa nguo vilevile.

FUNDI: Unasema kwa moyo au unataka tu Mama atoke?

WIFI: Vyote viwili. Fungua kabati.

FUNDI: Salio linalia.

WIFI: Ndiyo maana nakwambia fungua sasa hivi, nasikiliza.

FUNDI: Nafungua.

WIFI: Mbona sisikii ufunguo?

FUNDI: Nilishika usio wenyewe. Na Mama yuko nyuma yangu, kashika ukuta, anangoja peku. Haya, umeingi—

[Simu inakatika.]