Eti Ndizi Ni Tunda!

Noah ya abiria iendayo mjini Arusha ilikuwa haijatoka vizuri kijijini Akheri, Bibi Eunike ameshapandisha sauti.

"Mjukuu wangu yuko darasa la pili, na maneno yote ya Kiingereza kwenye mtihani aliyajua! Wali, nyama, maharage, ndizi. Toa kisichofanana na wenzake. Mtoto katoa wali. Kakoseshwa!"

"Lakini bibi, ndizi ni tunda," alisema Agnela, mfanyabiashara wa mjini aliyeketi pembeni yake. "Vingine ni chakula."

"Tunda!" Eunike alimgeukia. Kwake wali ulikuwa wa Krismasi. Ndizi ndiyo iliyomlea yeye na wanawe. "Jana kanisukumia sahani ya machalari, ndizi zangu za nyama, eti tunda halipikwi na nyama! Hapo kafundishwa au kaharibiwa?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, bibi yangu."

"Basi aliyekiandika aje alale kwangu, nione atakula nini!"

Gari likasimama mjini, soko la Kilombero. Agnela akaaga kwa heshima, akashuka, na konda akamtolea mzigo wake nyuma: mkungu mzima wa ndizi mbichi.

Eunike akatoa kichwa dirishani.

"Mama! Hayo matunda yako, usisahau kuyatia nyama!"