Kitabu Alichokitetea Mwalimu Verlene Hargrove

Verlene Hargrove alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Demopolis, Alabama, binti wa pili wa marehemu Otis na Lucinda Pettway. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitoka tumboni akibisha, nasi hatuna sababu ya kukanusha.

Alisoma shule ya watoto weusi, ambako vitabu vilifika vikiwa vimechakaa kutoka shule ya Wazungu, vingine vimenyofolewa kurasa. Kufika katikati ya hadithi na kukuta pengo kulimtia hasira ambayo haikumtoka. Mwaka 1970 alihitimu ualimu huko Montgomery, akarudi kufundisha fasihi katika sekondari ya hapa, mwaka uleule weusi na weupe walipoanza kukaa darasa moja. Alifundisha miaka thelathini na minne.

Mwaka 1971 aliolewa na Amos Hargrove, karani wa posta, mtu mpole ambaye ubishi ukipamba moto alikwenda zake kukaanga samaki. Walijaliwa mtoto mmoja, Renetta.

Kila mwaka darasa lake lilisoma riwaya moja kongwe ya Mzungu, ambamo lile neno la kutudhalilisha watu weusi limetapakaa. Wazazi walilalamika. "Kwani mnataka wakalisikie wapi kwanza, barabarani?" aliwauliza. Wanafunzi walisoma kwa sauti, kiti kwa kiti, ukurasa mmoja mmoja. Marehemu alikuwa akihesabu viti mapema ili kurasa mbaya ziangukie zamu yake mwenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 1987 mwanafunzi mmoja hakuja, hesabu ikaharibika. Ukurasa mbaya ukamfikia Renetta, aliyesoma darasa hilo, miaka kumi na tano, mweusi pekee katika safu yake. Akamtazama mama yake. Marehemu, aliyeapa kutompendelea mwanawe darasani, alisema tu, "Endelea." Renetta alilisoma neno lile mara sita. Nyuma mtu akacheka.

"Darasa zima linajua unahesabu viti, Mama," alimwambia jikoni jioni ile. "Kwa hiyo ulijua neno lile linauma."

Mwaka uliofuata marehemu alikifundisha tena kitabu kilekile.

Februari mwaka huu wa 2023 Renetta, sasa mzazi, aliiomba bodi ya elimu ikiondoe kitabu hicho shuleni. Mama yake alikwenda na mkongojo wake kumpinga. Walifika kwa gari moja na kurudi kwa gari hilohilo, redio ikipiga kelele njia nzima.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Aprili. Hospitalini Renetta alimuuliza, "Mama, bado unakitetea?"

"Kitabu nakitetea. Ila ile 'endelea' yangu, mwanangu, sina cha kuitetea. Nisamehe."

Renetta alilia sana, kisha akasema, "Na mimi bado nitakipinga."

"Kipinge. Ila paza sauti, wa nyuma wasikie."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha mume, Amos, binti, Renetta, wajukuu wawili, dada yake, Eulalia, na wanafunzi wengi ambao hadi leo wanabishana. Bodi itapiga kura Jumanne ijayo. Renetta ameandika hotuba yake, ila anasema hajui aisome akimtazama nani.

Mungu ampokee mja wake, ampe pumziko la amani.