Papa Alimasi na Ile Lecteur ya Soko

Tarehe 31 Julai, Papa Alimasi Mahamudu anaacha kazi ya studio yetu ya picha na video, hapa mutaa wetu wa Kenya, kisha miaka makumi tatu na moja.

Alianza na kamera ya kaseti, nzito kama mufuko wa unga. Ilimushusha bega la kuume, na mpaka leo shati yake inaning'inia upande mumoja. Ndoa, ubatizo, kilio, yote alifilimu. Ndani ya video zake hakuna bibi-harusi mufupi wala sahani tupu. Bashangazi benye kulia bila machozi, aliwasogelea na kamera karibu sana. Ile tabia ilitushinda kumuponyesha.

Sasa aibu yake. Mwenyewe ameniambia: "Kapya, usipoandika ile ya Katuba, mimi siji ku sherehe ya kuniaga." Basi naandika.

Kaseti zilipokufa, Papa Alimasi alijifunza peke yake ile mashini ya kuandika diski, na kiburi kikamuingia. Kila diski aliijaribu mbele ya mwenye kuilipia, na kila diski ilicheza. Muntu akirudi kusema lecteur ya nyumbani, ile mashini ya kuchezesha diski, inaikataa, jibu lilikuwa moja: "Lecteur yenu iko mubovu."

Siku ya arubaini ya mume wake, Mama Amida wa Katuba, mutaa wa jirani, aliita bakwe baangalie diski ya ndoa ya binti yake Najma. Ndani mule marehemu alikuwa anabariki batoto. Sauti yake ingine haikubakia popote. Lecteur ikazunguka, ikakohoa, ikaandika kwamba haioni diski. Papa Alimasi, mualikwa, sahani ya pilau juu ya magoti, akasema mbele ya bote: "Mama, ile sanduku yako ni ya soko." Mama Amida akainamisha kichwa. Mukwe wake Yassine akakimbia kuleta lecteur ya kwao, ya magazini kubwa ya mjini. Nayo ikakataa.

Shangazi moja akauliza: "Papa, na hii pia ni ya soko?"

Akaweka sahani chini, akachukua diski. Alirudi studio, akatafuta mpaka akaelewa. Diski ikiisha kuandikwa, inaomba kufungwa kwa amri ya mwisho ya mashini, na yeye hakuwa anaifunga. Mashini yenye kuiandika inaisoma hata ikiwa wazi. Zingine nyingi haziwezi. Na Papa yetu alikuwa anaijaribu mu mashini ile ile iliyoizaa! Ni kuuliza mama kama mutoto wake iko muzuri.

Angeweza kuifunga kimya na kuituma na muntu. Hapana. Alimuomba Mama Amida aite tena bakwe bale bale, akapiga magoti katikati ya salon: "Lecteur ya Mama iko muzima. Mubovu ni mimi." Kisha akaingiza diski ndani ya ile sanduku aliyoitukana, na marehemu akaanza kubariki batoto. Mama Amida akainua kichwa.

Tangu siku ile, hakuna muntu aliyechukua diski kwetu bila kuleta kwanza lecteur ya kwake, juu ya kichwa ama juu ya pikipiki. Bapita njia bakadhani tunatengeneza lecteur. Na kila diski ilipocheza, Papa Alimasi alitazama chini.

Papa, aksanti kwa yote. Uende na afya, na bega lile lipumuzike. Diski ya kazi zako tutaiangalia siku ya sherehe. Mama Amida amesema ataleta lecteur yeye mwenyewe: ile ya soko. Ingali inasoma.