Mama Maswali: Maisha ya Damaris Kadii Tsuma, Muuza Nguo wa Malindi

Kitambulisho cha Damaris Kadii Tsuma kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1962. Tarehe hiyo alijichagulia karani. Mama yake mzazi alishikilia hadi mwisho wa uhai wake kwamba Kadii alizaliwa Jilore mwishoni mwa mwaka 1961, wakati wa zile mvua kubwa, mto Sabaki ulipofurika na watu wakahama mashamba. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Tsuma, mkulima wa mahindi na korosho. Kitinda mimba wao, Kahonzi, alizaliwa mwaka 1970, na kwa kuwa mama alishinda shambani, mgongo alioujua Kahonzi kwanza ulikuwa mgongo wa Kadii.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Jilore na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1976. Alipita, ila karo ya sekondari haikupatikana, na hakupenda kulizungumzia hilo sana. Alichopenda kusimulia ni habari ya sare yake. Alipokuwa darasa la tano, gauni lake lilipauka mgongoni hata rangi haijulikani. Kadii akalifumua lote, akageuza kitambaa upande wa ndani ukawa nje, akalishona upya kwa mkono. Likapendeza kama jipya, isipokuwa vifungo vilihamia upande wa wavulana. Mwalimu akamtazama weee, kisha akamuuliza kama amekuja yeye au amemtuma kaka yake. Darasa zima lilicheka. Kadii alilivaa gauni lile mwaka mwingine mzima.

Mwaka 1978 alikuja Malindi mjini kukaa kwa shangazi yake mtaani Barani. Huko alipelekwa kujifunza ushonaji kwa Bi Zuleikha Hilal, fundi wa kanzu na mabuibui, na akakaa naye miaka minne. Bi Zuleikha hakumruhusu kushika mkasi mwaka wa kwanza. Alimpa nguo kuukuu azifumue tu, moja baada ya nyingine, na Kadii alipolalamika aliambiwa, “Mwanangu, asiyejua nguo ilivyoshonwa hawezi kujua inastahili bei gani.” Kadii alisema alichukia maneno hayo kwa miezi kumi, kisha akayatumia maisha yake yote.

Aliolewa na Bwana Lewis Chengo, seremala wa hapa Kakuyuni tunapomzika leo, tarehe 6 Desemba 1986. Gauni la harusi alijishonea mwenyewe, la rangi ya maziwa, na alilishona makusudi liweze kuvaliwa tena. Alilivaa kanisani hadi mwaka 1994. Kisha alilikata likawa nguo ya ubatizo, na kitinda mimba wake Ngowa pamoja na wajukuu wanne wamebatizwa ndani ya kitambaa hicho kimoja. Bwana Chengo, aliyetutoka mwaka 2016, alikuwa akimtania kwamba angekufa yeye kabla ya lile gauni, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1991 alifungua kibanda cha mitumba sokoni Malindi, cherehani ikiwa pembeni. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Maswali. Mteja akichagua nguo, Kadii aliigeuza ndani nje, akavuta mshono kwa vidole, akainyanyua juani aone ilipochakaa, na dosari alizitaja mwenyewe. Halafu maswali yakaanza. Utaivaa na nini uliyonayo tayari? Utaivaa wapi? Ukiichoka ataivaa nani? Aliyekosa majibu alirudishwa nyumbani akafikirie. Jirani yake sokoni, Waruguru, alikuwa akimuuliza kama anauza nguo au anasahihisha mtihani. Kadii alijibu kwamba anayeshindwa leo atarudi kesho, na wengi walirudi.

Hakuwa mtu wa kumchagulia mtu mtindo. Kijana aliyetaka shati la maua makubwa alipewa la maua makubwa, mradi aeleze kwa nini analipenda. Mwenyewe alipenda rangi kali, hasa manjano, na aliwaambia mabinti wanaojificha ndani ya nguo nyeusi kwamba jua la hapa halitaki uoga. Nguo mbovu zilizobaki chini ya mtumba, ambazo wenzake walizitupa au kuzichoma kule Muyeye, yeye alizikata akajazia mito na kutengeneza matambara ya kupangusia. Alisema moshi wa nguo alishaunusa mara moja na hakutaka kuwa ndiye aliyewasha. Mchuuzi mmoja alipomletea blauzi mpya za bei ya kutupa, alimuuliza aliyezishona alilipwa nini. Yule bwana akasema hajui. Kadii akazirudisha, lakini jioni alikiri nyumbani kwamba hata za mitumba hajui zote zimetoka mikono ya nani. Anachojua, alisema, ni wale kina mama wawili wanaomshonea pale kibandani, na hao alihakikisha wanakula vizuri kama yeye.

Wasifu huu ungekuwa mfupi kama ungeishia hapo. Yeye mwenyewe, mwezi wa Aprili mwaka huu, alimwambia mjukuu wake Idah aandike na hili linalofuata, na lisomwe mbele ya watu.

Tarehe 15 Desemba 2018 binti yake Everlyne aliolewa. Kama ilivyo desturi ya huku, wanawake wa familia walitakiwa kuvaa sare, na nani angeichagua isipokuwa Kadii? Aliichagua kwa makini yake yote. Kitenge cha zambarau, rangi isiyomkataa mtu. Kimenunuliwa duka la hapa Malindi na kushonwa na mafundi wa hapa. Mshono ni wa kuweza kuvaliwa kanisani baadaye. Bei aliiona ya wastani. Akatuma ujumbe kwenye kundi la familia, kila mmoja alete vipimo na pesa kabla ya mwisho wa Novemba.

Mdogo wake Kahonzi, ambaye alikuwa ameolewa Mnarani, hakuleta. Siku ya harusi alifika asubuhi na mapema akiwa amevaa gauni la buluu. Mabinti wa mapokezi walikuwa wameambiwa viti vya mbele ni vya wenye sare, wakampeleka nyuma, karibu na masufuria. Kadii alipomwona kule alimfuata. Akamwambia mbele ya wakwe, “Kahonzi, hata siku ya mwanangu umeona uzito kuvaa kama sisi?”

Kahonzi aliondoka kabla ya chakula.

Ikapita miaka mitano na zaidi wasisemezane. Mtoto aliyembeba mgongoni Jilore akawa mtu ambaye habari zake anazisikia kwa watu. Kadii alisema amedharauliwa, na aliyejaribu kusuluhisha alikatwa kauli. Wajukuu wake, waliomwita Hawe kama bibi anavyoitwa kwetu, walijua kwamba jina la Kahonzi halitajwi wakati wa kula.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alianza matibabu hapa Malindi kisha Mombasa. Alikonda upesi, akawa anajipunguzia nguo zake mwenyewe kila baada ya wiki chache, na alikataa katakata kufunga kibanda.

Februari 2024 binti mmoja alikuja sokoni kutafuta gauni la rangi ya machungwa. Kadii akamuuliza maswali yake. Utaivaa wapi? Harusini kwa ndugu, ndiyo sare yao. Na baada ya hapo? Yule binti akasema, “Sitaivaa tena, Mama. Hata hii rangi siipendi, na ada ya chuo bado. Lakini nisipoivaa nitaonekana siwataki.”

Waruguru anasema Kadii aliliweka lile gauni mapajani, akawa analikunja na kulikunjua mpaka binti akauliza kama kuna tatizo. Alimpa bure. Kisha akafunga kibanda adhuhuri, jambo ambalo hata siku ya matibabu hakulifanya. Miaka ishirini na saba alikuwa amewauliza wateja wapita njia, tena watu asiowajua majina, na siku ya sare ya mwanawe hakumuuliza hata mtu mmoja.

Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024 alikwenda Mnarani, akifuatana na Idah. Alikuwa dhaifu, akatembea polepole kutoka barabarani. Kahonzi alikuwa uani akifua. Alimwamkia dada yake shikamoo kwa adabu kamili, akampa kiti, akaendelea kufua. Kadii alimuuliza moja kwa moja kuhusu ule mwaka wa harusi. Ndipo alipoelezwa kwamba hoteli alikofanya kazi Kahonzi ilikuwa imepunguza watu mwezi ule wa Novemba, yeye akiwa mmoja wao.

“Ungeniambia,” Kadii akasema.

“Kwenye kundi, mbele ya watu arobaini?” Kahonzi akakamua nguo aliyokuwa nayo. “Dada, lile la buluu ndilo gauni zuri nililokuwa nalo. Nilikuvalia wewe.”

“Sikukuuliza.”

“Hukuniuliza.”

Hapakuwa na kukumbatiana siku hiyo. Kahonzi alisema apakue chakula kwanza, maana dada yake amekuwa kama mti wa uzio, na wakala wali na samaki bila maneno mengi. Walipoaga, Kadii alimwomba msamaha mbele ya majirani, kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa kosa lenyewe alilifanya mbele ya watu. Kahonzi akamwambia amesikia. Ilimchukua hadi Juni kuja Barani. Alikuja na mkoba wa nguo na hakurudi tena Mnarani ila kwa siku mojamoja. Yeye ndiye aliyemuuguza dada yake mwaka mzima, akimwogesha, akimpunguzia magauni na kugombana naye kuhusu manjano gani inamfaa mgonjwa. Kadii alisema mdogo wake anashona kama anayefukuzwa. Kahonzi akasema mgonjwa akosoaye mshono bado hajaugua vya kutosha.

Damaris Kadii alifariki nyumbani kwake Barani, Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nne asubuhi, Kahonzi akiwa amemshika mkono.

Aliacha agizo moja kuhusu siku ya leo: pasiwe na sare wala fulana zenye picha yake. Haikuwa rahisi kulitimiza. Kwenye kikao cha matanga kifungua mimba wake, Mramba, alisema watu watadhani mama amezikwa kama asiye na watoto, na fulana zilikuwa zimeshaagizwa kwa mchapaji. Wazee kadhaa walimuunga mkono. Kahonzi aliomba nafasi ya kusema. Aliwaambia, “Mkitaka sare, shoneni. Ila mjue kuna mtu atakayeukosa msiba huu kwa sababu ya hiyo sare, na hamtamjua ni nani, kama mimi na dada tulivyokaa tusijuane.” Mramba ndiye aliyepiga simu kwa mchapaji kuzifuta fulana.

Kwa hiyo, ndugu na marafiki, mliokuja na leso za nyumbani, mliokuja na sare za kazi, na ninyi mliotoka shambani moja kwa moja mkasimama kule kwenye ua, sogeeni mbele. Viti havina mwenyewe leo.

Marehemu ameacha watoto watatu, Mramba, Everlyne na Ngowa, wajukuu saba, Bi Zuleikha Hilal, mwalimu wake, aliye na umri wa miaka tisini na moja na ambaye ametuma dua kwa kuwa hawezi kusafiri, na wenzake wote wa sokoni. Ndugu zake watatu wametangulia. Ameacha mdogo wake mmoja, Kahonzi Tsuma, ambaye familia imemwomba awe wa kwanza kuweka udongo.

Mungu amlaze Damaris Kadii mahali pa amani, apumzike.