Wasifu wa Mama Yetu, Dada Faili, Aliyesema Kifua Kinamuuma

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa fundi seremala. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1984.

Mwaka 1986 aliajiriwa masijala ya hospitali, akadumu hapo hadi mwisho. Hakuwahi kupoteza faili hata moja, ndiyo maana madaktari walimwita Dada Faili. Likichelewa kurudi alilifuata wodini: "Daktari, umelala nalo?"

Alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hesabu, tarehe 8 Desemba 1990. Baba alitutoka tarehe 2 Februari 2024.

Aprili ya mwaka huohuo mama alianza kubanwa kifua akipanda ngazi, maumivu yakifika hadi kwenye taya. Daktari aliyemjua miaka ishirini hakumpima. Alimsikiliza wamesimama koridoni.

"Dada Faili, hayo ni mawazo ya mzee. Utazoea."

"Basi niandikie mume mwingine, kutwa mara tatu."

Wakacheka. Daktari akaandika kwenye faili la mama: wasiwasi wa msiba. Madaktari wawili waliofuata walisoma maneno hayo kabla ya kumtazama mama, nao wakayarudia.

Binti yake mkubwa, anayesoma wasifu huu, alimwambia, "Mama, madaktari watatu wamesema, wewe unabisha nini?"

"Sawa, mama," alijibu, akachukua mkoba akaenda kazini.

Jumatatu tarehe 3 Juni 2024 alianguka masijala. Daktari mgeni, asiyemjua hata kwa jina, ndiye wa kwanza kumpima moyo. Alisema ulikuwa mgonjwa kwa wiki nyingi. Mama alifariki siku hiyohiyo saa tisa na nusu alasiri.

Hatusemi madaktari wale watatu walimchukia. Walimpenda, wakadhani kumjua kunatosha, na hilo ndilo linalotuuma. Tumewaandikia barua tukiomba maneno yale yasahihishwe kwenye faili lake. Hadi asubuhi hii hatujajibiwa. Hukumu tunamwachia Bwana, ila kunyamaza tumeshindwa. Nasi wanawe tunamwomba mama msamaha mbele yenu.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na wenzake wa masijala, ambao wamekuja wote.

Mungu, ambaye hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba mama anaumwa, ampokee na kumpumzisha. Amina.