Muzee Médard Uyirwoth na Metre Makumi Tatu za Shari (1958–2025)

Muzee Médard Uyirwoth alizaliwa Mahagi-Port tarehe 8 juni 1958, mutoto wa pili wa muvuvi Jérôme Ukumu na mama Agathe. Alikuwa na miaka mine wakati ziwa lilipopanda na kubeba nyumba ya baba yake, pamoja na kitanda na mbuzi. Tangu siku ile hakuamini maji, hata ya ndoo.

Alisoma kwa mapadri kule kule, kisha akakuja Bunia na kupata diplome d'État ya ujenzi mu 1979. Mu 1983 akaingia biro moja ya kupima parsele, ni kusema viwanja vya kujengea. Jina ya ile biro hatuandike hapa. Karatasi hii itaingia kanisani, tusiichafue.

Kazi yake ilikuwa kulinda metre makumi tatu. Sheria ilisema, kutoka ukingo wa muto Shari mupaka metre makumi tatu, mutu asijenge, kwa sababu wakati wa mvua muto unalala pale. Alipanda borne za simenti, alama za mupaka, kwa mikono yake, watu wakazing'oa. Siku moja alikuta mama mumoja bondeni amefanya tatu kuwa mafiga, chungu kinatokota juu.

"Mama, maharagi yako inaivia juu ya sheria!"

"Basi sheria yenu iko nguvu, muzee. Haipasuke na moto."

Alicheka, akala maharagi, na kesho yake akapanda borne zingine. Yule mama hakumuchukia, maana hakuwa na pa kwenda. Waliomutia kinyaa walikuwa wenye kiti na muhuri.

Alifunga ndoa na mama Elisabeth tarehe 14 septemba 1985. Walipofika kwenye nyumba ya kupanga, kabla godoro halijaingia, alitoa metre yake ya kupimia mufukoni na kumuambia bibi arusi, "Shika ncha hii." Mama, na robe yake nyeupe, alishika mupaka kwenye kijito, viatu vikajaa matope. Alimusamehe nyuma ya wiki mbili.

Mu 2016 shefu wake, Blanchard, alimuletea plan ya parsele makumi ine na mbili, zote chini ya zile borne, upande wa muto.

"Muzee Médard, weka tu saini. Shari iko mbali."

"Iko mbali leo," marehemu akajibu, akafunga kalamu.

Walimutupa chumba cha karatasi za zamani, kati ya panya, mupaka pensheni. Saini ilipatikana kwa mwingine. Watu maskini waliuziwa maji, wakajengea juu yake.

Maji hufuata mukondo. Siku ya Mungu tarehe 20 oktoba 2024, watu wakitoka misa ya kwanza, Shari ilirudi kwake. Marehemu, na miaka yake sitini na sita, aliingia mu yale maji ya vyoo na kubeba watu mugongoni. Blanchard alikuja na gari, vioo vimefungwa, akasema ni mapenzi ya Mungu. Pfu! Mungu haweke muhuri kwenye plan.

Yale maji yalimuachia homa ya matumbo. Aliteseka karibu miezi mitatu, akakata roho ijumaa tarehe 17 januari 2025, mukono wake mu mukono wa mama Elisabeth.

Jana biro ilituma shada la maua na nafasi ya kaburi, bure, mu makaburi mapya bondeni. Tulienda kuona. Shimo lilishachimbwa, na maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mama Elisabeth hakulia. Alitoa metre ya muzee mu kitambaa chake, akashika ncha, akamutuma mutoto wao Fiacre upande wa muto. Metre kumi na tisa.

"Haingie humu," mama akasema. "Alikataa akiwa muzima. Na leo anakataa."

Shada tulilirudisha.

Marehemu anaacha mujane, mama Elisabeth, watoto watatu, Fiacre, Lydie na Rebecca, wajukuu tisa, na borne kumi na moja ambazo bado zimesimama. Analazwa leo kilimani, nyuma ya nyumba yake, metre mia mbili na sita kutoka kwa maji. Mama ndiye alipima.

Apumzike kwa amani, pahali pakavu.